Boksi la Samaki Lililoruka Kutoka Kilimatinde

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wa chama tulipokutana Kilimatinde, wilaya ya Manyoni. Wengi mliomba niyaweke hapa, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mbukwenyi!

Haya, Wagogo nimewasikia. Wanyaturu na Wanyiramba mliotoka huko juu, nanyi karibuni, zamu yenu ya kusalimiwa inakuja. Asanteni kwa kufika. Najua wengine mmepanda bodaboda kutoka Manyoni kwa hela yenu wenyewe, na hapa hakuna posho, hakuna tisheti, hata maji ya kunywa kila mtu na lake.

Makamanda, mada niliyopewa ni "Vijana na Teknolojia". Semina za mada hii nimekaa nyingi tangu niko chuo. Karibu zote zinaisha kwa mtu aliyevaa suti kutuambia tujiajiri kwenye simu. Leo sina suti na simu yangu imepasuka kioo. Nilichonacho ni hili boksi hapa mezani.

Mliolisogelea mmeshalitambua. Ni boksi jeupe jepesi, la kubebea samaki kutoka Mwanza. Nililipata kwa mama mmoja anayeuza sato stendi ya Manyoni, na mpaka leo ukilifungua unasikia harufu ya sato. Limezungushiwa utepe wa rangi ya chungwa, kona hii imekwaruzwa na miiba, na hapa chini panya wameonja. Ndani kuna betri, kihisi cha joto, kihisi cha mgandamizo wa hewa, memori kadi na kakamera. Nasema kihisi makusudi. Nilipokuwa nasema "sensa", mzee mmoja alidhani tumetumwa kuhesabu watu.

Lote na vitu vyake halifiki kilo moja. Na lilishapanda zaidi ya mita 9,000 juu ya usawa wa bahari, kutokea hapo ukingoni mnapoona bonde la Bahi.

Nianze na sisi ni nani. Tuko watano. Mimi nilisomea ualimu wa fizikia, nikamaliza, nikasubiri ajira miaka mitatu, nikachoka kusubiri. Yupo fundi wa redio na simu, yupo muuguzi, na wapo madogo wawili waliomaliza kidato cha nne. Kati ya watano hao, wanachama wa chama chetu ni wawili tu. Naomba mlishike hilo, litarudi mbele.

Puto la kwenda juu sana linafanyaje kazi? Unachukua puto la mpira, unalijaza gesi iliyo nyepesi kuliko hewa. Chini yake unafunga mwavuli, chini ya mwavuli unafunga boksi. Ukiliachia linapanda kama mita 5 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa baiskeli ya mtu asiye na haraka, ila yeye anaelekea mbinguni. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inapungua na gesi ya ndani inatanuka. Huku chini lilikuwa na upana wa mita mbili hivi. Likifika kilomita 30, mgandamizo wa hewa kule ni kama sehemu moja ya mia ya huu wa chini, na puto limekuwa kubwa kama nyumba. Hapo linapasuka, mwavuli unashika hewa, boksi linarudi. Safari yote ni kama saa mbili na nusu. Ndege ya abiria kwa kawaida inapita kilomita 10 hadi 12, kwa hiyo puto linakwenda mbali sana juu yake.

Na msidhani ni mchezo wa kuchangamsha genge. Vituo vya hali ya hewa duniani vinarusha maputo ya namna hii kila siku, kwa kawaida mara mbili, saa zilezile dunia nzima. Joto, unyevu na upepo vinavyopimwa kule juu ndivyo vinavyolisha utabiri unaousikia redioni. Sehemu ambayo vituo hivyo ni vichache na viko mbalimbali ni Afrika. Kwa hiyo mkulima wa mpunga kule chini Bahi, au wa uwele huku kwetu, anapoambiwa mvua zitakuwa "za wastani hadi chini ya wastani", ajue kwamba anga lililo juu ya kichwa chake linapimwa kwa nadra kuliko la mkulima wa Ujerumani.

Nimeitaja Ujerumani, na nina sababu.

Hapa tulipokaa palikuwa na boma la Wajerumani, hilo mnalijua, wazee wanasimulia. Mwaka 1908 boma lile lilikuwa linafanya kazi, na Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma yake. Mwaka huohuo mtaalamu wa hali ya hewa wa Kijerumani, Arthur Berson, aliingia Afrika Mashariki na msafara wa kisayansi. Hakuja na mizinga. Alikuja na maputo, na vipimo vinavyojiandikia vyenyewe. Wakafika Ziwa Victoria, wakaanza kurusha.

Yaani mwaka 1908, jamani. Babu wa babu yako analipa kodi ya kichwa, na juu yake kuna puto limepanda kilomita zaidi ya 15 linapima joto.

Walichokikuta kiliwashangaza. Kwanza baridi. Juu ya ziwa letu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, walipima baridi iliyopita nyuzi 80 chini ya sifuri. Watu walitegemea baridi kama hiyo iwe kwenye ncha za dunia, kumbe angani kule juu, ukanda wa joto ndiyo wenye baridi kuliko. Pili, upepo. Mlima wa Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilizunguka dunia kuelekea magharibi, wataalamu wakakata shauri kwamba juu ya ikweta upepo unatoka mashariki siku zote. Maputo ya Berson yakaonyesha upepo unaotoka magharibi. Nani mkweli? Ubishi ukakaa nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo ikaeleweka kwamba wote walikuwa wakweli: upepo wa kule juu unageuka, unavuma mashariki halafu magharibi, na mzunguko mzima unachukua kama miezi 28. Kwenye vitabu vya hali ya hewa ule upepo wa magharibi uliitwa upepo wa Berson.

Mimi sina ugomvi na Berson. Alifanya kazi nzuri, na angekuwa hai ningemwomba anifundishe kufunga fundo, mtaona kwa nini. Nachosema ni kwamba moja ya mambo makubwa kuhusu anga la dunia liligunduliwa juu ya ziwa letu, kwa maputo, kabla hata ya vita vya kwanza vya dunia. Halafu anakuja mtu leo anatuambia puto si fani ya vijana wa Kilimatinde!

Na habari haikuishia kwa Mjerumani. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, kutoka pale ilirushwa setelaiti ya Wamarekani ya kutazama nyota kwa mionzi ya eksrei, ya kwanza ya aina yake. Wakaiita Uhuru. Neno letu kabisa. Kiongozi wa mradi alikuwa mwanamama, Marjorie Townsend, dada zangu hilo mlichukue. Setelaiti ile ilisaidia kuligundua shimo jeusi la kwanza, na mwanasayansi aliyeongoza utafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002. Jukwaa lile liliendelea kurusha mpaka 1988.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nako kuna kisa, na hicho kinauma. Miaka ya 1970 Mobutu aliingia mkataba na kampuni ya Ujerumani Magharibi iliyoitwa OTRAG. Akawapa eneo la kama kilomita za mraba 100,000 huko Shaba, yaani Katanga, watumie mpaka mwaka 2000. Mkoa wa Singida ni kama kilomita za mraba 49,000, kwa hiyo chukueni Singida mbili, mkabidhi mtu. Wakajenga kituo juu ya mto Luvua, wakarusha roketi mara tatu, 1977 na 1978. Ya tatu Mobutu mwenyewe alikuja kuitazama, ikaanguka mbele ya macho yake. Mataifa makubwa na majirani walishapiga kelele, wakihofia ni silaha, na mwaka 1979 kampuni ikafungishwa virago. Watu wa kule wanaongea Kiswahili kama sisi. Aliyegawa ardhi yao hakuwauliza, na aliyeifunga kazi pia hakuwauliza.

Ndiyo maana nikasema sisi tuanze na boksi la samaki, lakini liwe letu.

Sasa lilivyoondoka.

Hatukuwa tumepanga liende. Tulikuwa na puto kubwa la mpira, na mtungi wa heliamu ulionunuliwa kwa fundi wa mapambo ya harusi Dodoma, ulishatumika nusu. Kwa kuwa kibali cha kuachia puto hatukuwa nacho, tulifanya jaribio la kufunga kwa kamba: lipande mita 100 na ushee, lipime, tulishushe. Serikali ya kijiji tuliipa taarifa. Tukaenda ukingoni alfajiri, kabla upepo haujaamka. Likapanda vizuri mno. Madogo wanashangilia, mimi nimeshika kamba, najiona Berson.

Saa moja na nusu upepo ukaamka kutoka bondeni. Puto likaanza kuvuta upande. Kamba ilikuwa imepita juu ya jiwe lenye makali, pale nilipoifunga mimi, kwa fundo langu mimi. Ikakatika. Naomba niseme wazi, maana wapo waliosema fundi ndiye aliyekosea. Fundo nililifunga mimi.

Lilikwenda bila haraka. Hakuna kitu kinachochelewa kuondoka kama kitu ambacho huwezi kukizuia. Tulilitazama mpaka likawa kama punje ya uwele, likaingia kwenye mwanga, basi. Dogo mmoja akakaa chini. Kihisi cha joto alikuwa amekinunua kwa hela ya kufyatua tofali.

Siku hiyohiyo tuliandika taarifa tukapeleka kunakohusika: puto limekatika kamba saa fulani, uzito fulani, limeelekea magharibi. Hatukujibiwa, lakini tuliandika.

Siku 19 baadaye simu ikaita. Mzee mmoja, upande wa Itigi. "Wewe ndiye mwenye kisanduku?" Nikasema ndiyo, shikamoo mzee. "Marahaba. Mrina asali wangu amekitoa kwenye kichaka, kilikuwa kimening'inia mtini karibu na mzinga. Alitaka kukichoma moto, nikamwambia ngoja tusome kwanza."

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndilo lililonileta mbele yenu.

Wiki mbili kabla ya jaribio lile, kamanda mmoja, rafiki yangu, na yupo humu ndani anacheka, alileta wazo. Tuchapishe bendera ya chama kwenye puto. Lipande, tupige picha, tuziweke mtandaoni: chama chetu angani, wao wako kwenye matope. Wengi walilipenda. Kwa kweli na mimi kwa dakika tano nililipenda. Halafu nikakataa, tukagombana, hatukusemezana wiki nzima.

Nilikataa kwa sababu ya wale watatu kati yetu ambao si wanachama. Boksi ni lao pia. Muuguzi wetu ni mtumishi wa umma, ana watoto. Na nilikataa kwa sababu nyingine ya kifizikia tu: puto halichagui pa kuangukia. Linaweza kuanguka kwa mwenzetu, linaweza kuanguka kwa mtu anayetuchukia. Anayeliokota ndiye mwenye uamuzi. Kwa hiyo juu ya boksi tulibandika karatasi, hii hapa, someni wenyewe, ipo kwa Kiswahili na Kigogo: "Hiki si bomu. Ni kifaa cha kupima hali ya hewa. Hakina hatari. Ukikiokota piga namba hii, utapewa zawadi."

Yule mzee wa Itigi ni balozi wa nyumba kumi. Wa chama tawala, kofia ya kijani kichwani, na amekuwa hivyo tangu kabla sijazaliwa. Alilifunga boksi nyuma ya baiskeli, akalifikisha stesheni, akatusubiri kwenye kivuli cha mwembe. Tulipofika hakutaka zawadi ya hela. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Nyinyi ni wa chama gani?" Nikamwambia ukweli, mimi na huyu ni wa upinzani, wale watatu hapana. Akanitazama kidogo. La pili: "Haya, huko juu mlikuwa mnatafuta nini? Mtaweza kutuambia mvua?"

Nikamwambia hapana, boksi moja haliwezi. Maboksi mengi, kwa miaka mingi, yanaweza kusaidia. Akasema, "Basi rusheni mengine." Tukamwachia lita tano za mafuta ya alizeti, akakubali.

Kama ile karatasi ingekuwa bendera yetu, sidhani kama boksi lingetufikia. Labda mzee angelipeleka mahali tofauti, na mimi leo ningekuwa nazungumza na wakili badala ya kuzungumza na nyinyi.

Tulipofungua memori kadi, ikawa hivi. Joto lilishuka mpaka karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, hapahapa Singida, mnapotoka jasho. Kihisi cha mgandamizo kilisoma mpaka kikagota. Ni kile cha bei nafuu, kimetengenezwa kupima mpaka mita 9,000 hivi, na kwa dakika 22 kilibaki pale kwenye ukomo wake wakati puto likiendelea na safari. Kamera ilipiga picha 41 kabla betri haijaganda. Nyingi ni ukungu. Mbili zinaonyesha bonde la Bahi lote, na ukingo huu wa Kilimatinde kama mshono kwenye nguo.

Wengine mnasema puto tumelielewa, vipi roketi? Maana kwenye grupu roketi ndiyo mnayoitaka.

Nitawaeleza kwa nini sijaleta roketi. Wale madogo wawili, bila kuniambia, walitazama video, wakachukua sukari na mbolea, wakapika jikoni. Kwenye sufuria ya mama. Sitawaeleza walichanganyaje, na yeyote atakayeniuliza pembeni pia sitamweleza. Ilishika moto ikiwa bado mekoni. Dogo mmoja aliungua mkono wa kulia, vidole viwili mpaka leo havikunji vizuri. Muuguzi wetu alimfunga, tukamkimbiza hospitali. Moshi ulionekana, watu wakasema bomu, na yule mwenzake, ambaye hakuungua, alilala kituoni usiku mmoja. Miaka 18. Asubuhi tulikwenda kumtoa na vyeti vyake vya shule mkononi.

Nilikasirika sana na wale askari. Halafu nilipopoa nikajiuliza, ningekuwa mimi askari, nimeitwa usiku, nimekuta bomba la chuma na unga unaowaka, ningefikiri nini? Askari hana karatasi yoyote inayomwambia kwamba kuna kitu kinaitwa majaribio ya roketi ya wanafunzi, kinafanyikaje, nani anakisimamia. Kwake kuna mawili tu, baruti ya mgodini au bomu.

Kwingine wamefanyaje? Denmark wako watu wa kujitolea, Copenhagen Suborbitals, waliojipanga mwaka 2008. Wana kazi zao, jioni na wikendi wanachomelea vyuma, hela inatoka kwa michango ya watu wa kawaida. Injini wanaifunga kwenye fremu chini, wanaiwasha wakiwa mbali, wanapima msukumo, inapolipuka wanajifunza. Mwaka 2018 roketi yao Nexø II ilipanda kilomita zaidi ya sita na ikashuka kwa mwavuli. Wanarushia baharini, kwenye eneo la mazoezi ya jeshi, kwa makubaliano na serikali yao. Jeshi lenye eneo lake linawapisha raia wajaribu. Marekani wapo JP Aerospace, wa kujitolea pia, wanawaambia watoto wa shule: weka jaribio lako ndani ya mpira wa ping-pong, tutalipandisha kwa puto mpaka kilomita 30 bure. Maelfu ya watoto wamefanya hivyo.

Ukisema hao ni wazungu, nenda Juja, Kenya, chuo cha JKUAT. Wanafunzi wana mradi wao wa roketi ndogo wanauita Nakuja. Jina tu linatosha! Wanapima injini kwenye kituo chao kabla ya kurusha, na wana walimu nyuma yao. Nenda Kongo, mhandisi Jean-Patrice Keka, aliyejenga roketi zake Menkao, nje ya Kinshasa, kwa sehemu kubwa kwa mfuko wake. Mwaka 2009 alimpakia panya kwenye Troposphère 5, roketi ikaenda kombo, panya hakurudi. Watu walimcheka. Mimi simcheki. Wale wa OTRAG walipewa Singida mbili na Mobutu, na yao pia ilianguka.

Kwa hiyo sisi kwa sasa tunapima msukumo kwa maji. Msicheke. Chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, tia maji robo tatu ya lita hivi, sukuma hewa kwa pampu ya baiskeli, achia. Kanuni ya tatu ya Newton haijali kama kinachotoka nyuma ni maji au moto. Tuliazima mizani ya bucha, ile ya kuning'iniza, tukaigeuza, tukaifunga chupa isiende popote, tukaipiga video kwa mwendo wa polepole tukisoma mshale. Ndivyo wanavyopima wakubwa, tofauti ni mizani. Yule dogo wa vidole viwili ndiye anayeandika daftari, kwa mkono wa kushoto. Amejaza kurasa 60. Vaeni miwani tu, na simameni mbali, chupa ikipasuka inakata.

Nimalizie na barua.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinayatambua maputo mepesi, yenye mzigo usiofika kilo 4. Boksi letu ni chini ya robo ya hapo. Hata hivyo hatutaki kuliachia bila ruhusa, kwa sababu ndege za Dodoma zinapita jirani na rubani ana haki ya kujua kilichoko mbele yake. Tuliomba. Ofisi ya kwanza ikasema hili ni la ofisi ya pili. Ya pili ikasema tukipata kibali cha tatu turudi. Ya tatu ikatuuliza, nyinyi ni kampuni au ni chuo? Tukasema sisi ni vijana watano wa Kilimatinde. Basi, hapo ndipo barua ilipolala, mwezi wa 14 sasa.

Rwanda walipeleka setelaiti yao 2019. Uganda 2022. Kenya walipeleka Taifa-1 Aprili 2023. Sisi tunaambiwa inakuja, na ikija nitashangilia, hata kama kwenye uzinduzi hawatatualika. Lakini tunachodai hapa ni kidogo na hakihitaji bajeti. Ukurasa mmoja ulioandikwa: kijana au shule inayotaka kurusha puto jepesi imwandikie nani, ijibiwe ndani ya siku ngapi, na itoe taarifa gani kwa marubani. Ukurasa wa pili kwa majaribio ya injini za roketi: wapi, chini ya mwalimu gani, umbali gani, na askari wa eneo wapewe nakala.

La tatu ni la gesi. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba chini ya bonde la ufa, upande wa Rukwa, kuna heliamu nyingi mno, futi za ujazo bilioni 54 kwa makadirio yao ya wakati ule. Heliamu hiyo dunia inaililia kwa ajili ya mashine za hospitali na viwanda. Sisi tunakaa juu ya ufa huohuo, na tunanunua mabaki ya mapambo ya harusi. Mikataba inapoandikwa, kuwe na mstari mmoja wa sehemu ndogo kwa shule, vyuo na vituo vya hali ya hewa nchini. Wabunge wetu wakiingia wauulize mstari huo, na wakisahau tuwakumbushe.

Barua ya kukumbushia imeshaandikwa, iko pale mlangoni kwa muuguzi wetu. Haina nembo ya chama. Anayetaka kusaini asaini jina lake, kijiji chake na anachofanya, hata kama ni kuuza karanga. Yule balozi wa Itigi ameshasaini, jina lake ni la nne. Jumamosi ijayo saa kumi tunapima chupa uwanja wa mpira, kila mmoja aje na chupa mbili na mfuniko usiovuja. Mwenye pampu ya baiskeli anipigie leo, yetu imekufa mpira.

Boksi hili hapa, piteni mlishike. Msivute tu huo waya mwekundu.